Naomba ushauri: nyumba ya bei nafuu pembeni ya Lubumbashi

Jambo, wandugu. Bayeri wetu wa Katuba, yaani mwenye nyumba tunayopanga, anataka nyumba yake kwa ajili ya mtoto wake anayeoa. Tumebakiwa na miezi miwili. Tuna dola 80 kwa mwezi, tunatafuta vyumba viwili na salo, watoto ni watatu. Golf, mtaa wa matajiri, hata siulizi.

Ninawaza komini Annexe: Kasapa, Luwowoshi ao Kalebuka. Juma lililopita komisioneri mmoja (dalali wa nyumba) alinilipisha pesa ya kutembelea, akanionyesha kanyumba kazuri, rangi bado inanukia. Nikafungua robine: kavu. Mama jirani akaninong'oneza kwamba maji wanachota kwenye kisima, parseli ya tatu kutoka pale, na umeme unarudi usiku wa manane. Garanti, pesa ya kumwekea bayeri mbele? Miezi sita, mkononi, bila karatasi! Nikaaga.

Mnaoishi huko, visima vya wapi havikauki hata mwezi wa kumi, mvua ikichelewa? Mpaka mjini mnabadilisha teksi-basi mara ngapi? Mimi ninaingia kazini saa moja na nusu. Na kuna aliyefaulu kushusha garanti mpaka miezi mitatu? Alimwambia bayeri nini?