Naombeni ushauri: najitolea kufufua ndege ya zamani ya vita, nataka kuacha kimya kimya

Mnyamwezi_Kansas
Wakuu, salaam. Mimi ni Mtanzania, nipo Kansas mwaka wa sita. Usiku nahudumia wazee kwenye makao yao, na kila Jumamosi kwa miaka 3 sasa najitolea na kikundi kinachofufua Dakota, ile C-47 ya jeshi. Ilitelekezwa pembeni ya kiwanja kidogo cha ndege mpaka majani yakapita juu ya magurudumu. Lengo ni iruke tena. Halipwi mtu. Wengi ni wastaafu wa viwanda vya ndege, mimi ndiye mdogo, na mkono wangu ndio pekee unaopenya kwenye matundu ya bawa.

Swali langu: nikiacha bila kuaga, ni vibaya? Mama watoto analalamika, usingizi sipati. Ndege naipenda, lakini moyo umechoka. Nawasilisha.

MamaNuru
Mdogo wangu, msikilize mkeo. Marehemu mume wangu aliimba kwaya miaka tisa bila kukosa mazoezi, na bati la jikoni likavuja miaka hiyo hiyo tisa. Kwenye msiba kwaya iliimba vizuri sana, siwezi kukataa.

Babu_wa_Marangu
Dakota! Mwaka 1955 Dakota ya East African Airways iligonga Kilimanjaro ikitoka Dar kwenda Nairobi, hakupona hata mmoja. Baba yangu alikuwa kijana, aliwaona watu wakipanda kuitafuta. Hadi anafariki hakukubali kupanda ndege, hata tulipomkatia tiketi ya kwenda kumuona mjukuu wake Mwanza.

fundi_mstaafu_Nairobi
Poleni kwa hayo, mzee. Sasa nirudi kwa kijana. Mtu aliyechoka huaga, hupewa soda, akaenda. Anayetaka kutoroka ana jambo. Nimeshika ndege miaka 31. Umefanya nini kwa hilo bawa?

Mnyamwezi_Kansas
Mzee wangu, sijafanya kitu kibaya. Kuna kutu niliiona mahali, ndogo tu.

fundi_mstaafu_Nairobi
Mahali wapi? Ulimwambia nani?

Mnyamwezi_Kansas
Kwenye kile kipande cha alumini cha umbo la pembe, upande wa chini, pale bawa la nje linapofungwa kwa bolti kwenye bawa la kati. Unga mweupe, kama chumvi iliyoganda. Niliukwangua kwa kipande cha plastiki nilivyofundishwa, chini yake kukawa na vishimo. Bado sijamwambia mtu.

Dada_Msimamo
"Bado" maana yake nini? Tarehe 2 Oktoba 2019, Connecticut, B-17, ndege ya zamani ya vita ya kumbukumbu kama hiyo yenu, ilianguka, watu 7 wakafa, na uchunguzi ulitaja pia matengenezo duni. Watano kati yao walikuwa abiria waliokata tiketi kwenda kufurahi. Tuambie yote au funga uzi.

Mnyamwezi_Kansas
Sawa. Utaratibu ni kwamba ukikwangua, unamuita mzee anayetusimamia. Yeye ndiye mwenye leseni na ndiye anayesaini daftari la ndege. Siku ile alikuwa anakimbilia hospitali kwa mkewe. Nikapaka rangi ya kuzuia kutu, ile ya kijani inayovuta njano, nikafunga kifuniko, nikaandika "imesafishwa". Akaja Jumamosi iliyofuata, akasaini kwa kuniamini.

Nieleweni. Yeye ndiye ataniandikia barua ya kuthibitisha uzoefu wangu, nataka leseni ya fundi wa ndege ya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani. Daftari langu lina saa zaidi ya 1,100. Na vishimo vyenyewe ni ukucha tu uliokuwa unakwama. Ndege hairuki mpaka mwakani, na kabla ya kuruka mkaguzi atapita na dawa yake ataona mwenyewe. Ndiyo maana nikasema bora nijiondoe, kila kitu kitajulikana kwa njia yake.

fundi_mstaafu_Nairobi
Kijana, nakuandikia polepole ili unisikie. Dawa nyekundu ya kutafuta nyufa huingia kwenye ufa uliyo wazi. Ukipaka rangi umeuziba mdomo. Mkaguzi atapuliza, atafuta, atapuliza ile nyeupe ya kuivuta nje, na hakuna mstari mwekundu utakaojichora. Ataona rangi safi na neno "imesafishwa" na sahihi chini yake. Na hapo umepataja ni mahali mafundi wote wa Dakota wanapachungulia kwa hofu, kwa sababu mzigo wote wa bawa hupitia kwa hizo pembe. Ukucha ukikwama, hicho ni kishimo cha kupimwa, si cha kukadiriwa.

Mtanga_halisi
Mimi nimekaa nasoma tu nikijua nitakamatia wapi. Hii ni CHAI, wakuu. Kansas iko katikati ya Marekani, hakuna bahari mwendo wa siku nzima. Sisi Tanga bati jipya linaliwa na upepo wa chumvi, hiyo tunaijua. Kansas chumvi imetoka wapi? Na asiye na leseni anaachiwaje bawa? Jamaa anaandika hadithi, anatafuta wasomaji.

Kijana_wa_Buza
Nilihisi. Chai ya tangawizi kabisa.

MamaNuru
Jamani, na mimi nilishaanza kumuombea.

fundi_mstaafu_Nairobi
Asiye na leseni anaruhusiwa kufanya kazi chini ya jicho la aliye nayo, ndivyo sisi wote tulivyojifunza. Na alumini ya ndege imechanganywa na shaba, unyevu pekee unatosha kuanza kuila. Kijana, mlipofungua hilo bawa mara ya kwanza mlikuta nini?

Mnyamwezi_Kansas
Viota vya panya. Tulitoa ndoo tatu, majani makavu na vipande vya kitambaa cha viti, vimelowa mikojo mpaka macho yanawasha. Palipokuwa na kiota ndipo palipokuwa na ule unga.

fundi_mstaafu_Nairobi
Mtanga, mkojo wa panya. Huyu amelifungua bawa kwa mikono yake.

Mtanga_halisi
Mkojo wa panya sikuujua. Ila alete picha.

Mpita_Njia_Wichita
Mimi niko Wichita, humo humo Kansas. Ndege ya vita ya hapa, B-29 inayoitwa Doc, ilikaa jangwani California miaka 42. Vipande vilifika hapa mwaka 2000, ikaruka tarehe 17 Julai 2016. Miaka 16, ndugu yangu! Nimeiona angani na sijasikia mtu akiuliza kwa nini ilichelewa.

Mnyamwezi_Kansas
Wakuu, nimempigia mzee. Nilikuwa kwenye maegesho ya kazini, zamu imeisha, mikono inatetemeka. Nilidhani atafoka. Alikaa kimya mpaka nikaangalia simu kama imekata. Akauliza ni bawa gani. Nikasema la kushoto. Akauliza bolti ya ngapi kutoka mbele. Nikamwambia. Akasema Jumamosi nije saa 12 asubuhi na taa, yeye atakuja na dawa ya kutoa rangi na kipimo cha kina, nisiguse chochote mpaka afike, na sahihi yake ataifuta yeye mwenyewe.

Barua sikuiuliza. Mke wangu nimemwambia sasa hivi, amenishangaa kwamba kumbe hiki ndicho kilichokuwa kinanikosesha usingizi.

Mtanga_halisi
Picha.

Mnyamwezi_Kansas
Jumamosi, rangi ikishatoka.