Wauza mikeka ya santuri, andikeni unene kabla ya kuchukua hela za watu!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Kwa muda mrefu nimetumia mkeka wa felti uliokuja na mashine yangu ya santuri, ule unaotandikwa juu ya sahani inayozunguka ili santuri ilale juu yake. Wenye santuri mnaijua adha yake: hewa ikikauka, ukiinua santuri felti inanyanyuka nayo, imeganda kwa umeme tuli, halafu inaachia mkiwa katikati ya safari. Mwezi uliopita iliachia juu ya mkono wa mashine, ule unaobeba sindano, ambao sikuwa nimeufunga kwenye kishikizo chake. Sindano ikakwaruza sahani ya alumini, spika zikatoa mlio ambao bado ninausikia. Ncha ilipinda. Nikasema basi, felti imetosha, natafuta mkeka wa maana.

Nikanunua wa mpira mzito. Tangazo lilijaa maneno: besi inatulia, sauti inafunguka, unakaa kwenye mashine yoyote. Unene haukutajwa popote. Ulipofika nikaupima, milimita 5! Felti yangu ilikuwa na milimita 1.

Jamani, milimita 4 kwenye mashine ya santuri si jambo dogo. Santuri ikipanda, mkono unapanda upande wa sindano huku kitako, pale nyuma unapofungwa kwenye mashine, kikibaki palepale chini. Kwa mkono wa kawaida wa inchi 9, huo ni mwinamo wa karibu nyuzi 1 nzima, na sindano haikai tena kwenye mfereji kwa pembe iliyokusudiwa. Kwangu matoazi yalififia, mwimbaji akawa kama anaimbia nyuma ya pazia. Dawa ni kupandisha kitako cha mkono kisha kupima upya uzito wa sindano. Lakini mashine nyingi za kuanzia, yangu ikiwemo, hazina namna ya kupandisha mkono. Kwa hiyo nina mkeka mzuri nisioweza kuutumia.

Na ni mzuri kweli, siusemi vibaya mpira wenyewe. Niligonga sahani tupu kwa ukucha, ikalia kama kengele na mlio ukaning'inia hewani. Nikatandika mkeka, nikagonga tena: du, kimya. Kazi ya mkeka ndiyo hiyo, kuua mlio wa sahani na kuishika santuri isiteleze. Sasa anayekuuzia mkeka wa ma-DJ akidai utasafisha sauti anakudanganya mchana kweupe, maana ule umetengenezwa makusudi santuri iteleze, DJ aizuie kwa mkono huku sahani ikiendelea kuzunguka. Na mwenye sahani ya akriliki mara nyingi hahitaji mkeka wowote, lakini naye anauziwa.

Kuna na suala la lebo, ile karatasi ya katikati ya santuri. Santuri nyingi ni nene pale katikati kuliko sehemu yenye mifereji. Mkeka usio na kibonde cha kuipokea lebo unaibeba santuri kwa katikati, sehemu yenye mifereji inaelea. Itashikwa na nini hapo? Mkeka wangu wa mpira uko bapa kabisa, hauna kibonde.

Nilimwandikia muuzaji nikiomba kurudisha. Akanijibu kwamba masikio yangu yatazoea. Masikio yazoee sindano iliyokaa vibaya? Santuri ninazopiga nyingine hazichapishwi tena, halafu mtu ananiambia nizoee!

Ninachotaka ni sentensi moja kwenye tangazo: unene kwa milimita, na kama kuna kibonde cha lebo. Na ninyi wenzangu mnaomwambia kila mgeni "badilisha mkeka kwanza", muulizeni kwanza kama mkono wa mashine yake unapanda. Mimi hakuna aliyeniuliza.

Mwenye mkeka wa koki (ile ya vizibo vya chupa) au wa ngozi usiozidi milimita 2, aliyeupima kwa mkono wake na si kusoma kwenye boksi, naomba aniambie unakaaje.