Umeme wa boti ya mtumba: pimeni kwanza, betri mpya baadaye

Habari zenu ndugu zangu. Mimi na mke wangu tumenunua boti ya matanga ya mtumba, futi 28, ina injini ndogo ya dizeli, na tunakusudia kuwa tunalala humo. Kiwiliwili na injini vilikaguliwa kabla hatujalipa na vikaonekana viko sawa. Kinachotusumbua ni umeme. Taa za ndani zinafifia kila pampu ya maji inapowaka. Taa ya juu ya mlingoti leo inawaka, kesho haiwaki. Tukiiacha boti kwa wiki moja tunakuta betri imekufa, stata inalia ka-ka-ka bila kuzungusha injini. Nyuma ya bodi ya swichi waya zimejazana za kila rangi, nyingine zimesokotwa na kuvishwa tepu tu. Fundi tuliyempigia simu anasema tuanze na betri mpya na chaja mpya. Kuna anayeijua kazi hii humu? Tuanzie wapi?

*

Mdogo wangu, hongera na pole kwa pamoja. Kazi hii ndiyo inayonilisha, kwa hiyo nivumilie nikiwa mrefu.

Betri msinunue bado. Betri mpya ikifungwa kwenye mfumo unaovuja itakufa vilevile, na mtakuwa hamjajifunza lolote kuhusu boti yenu. Dalili zote ulizozitaja zinaweza kutokana na maungio ya waya, na kwenye boti ya mtumba mimi hushuku maungio kabla ya kifaa chochote. Chumvi ya baharini huvuta unyevu, shaba inaota kutu ya kijani, na umeme hupita kwa shida mahali palipo na kutu. Juu ya hayo boti haitulii: inapigwa na mawimbi, injini inatetemesha, skrubu zinalegea pole pole bila mtu kuona.

Kabla ya kushika chochote, vueni pete na saa za chuma. Volti 12 hazitawarusha, lakini spana au pete ikiunganisha vichwa viwili vya betri itapitisha mamia ya ampea na kuwaka nyekundu papo hapo. Fungueni mifuniko hewa ipite, maana betri za asidi hutoa hidrojeni, gesi inayoshika moto, zinapochajiwa. Kebo ya umeme wa gatini ichomolewe kabisa, msiridhike na kuzima swichi. Kama kuna inveta nayo izimwe, kwa sababu inatengeneza umeme mkubwa kama wa nyumbani kutoka kwenye betri hata kebo ikiwa imechomolewa. Nasisitiza hili kwa sababu ya rangi. Kwenye boti zilizofungwa kwa desturi ya Kimarekani, waya mweusi upande wa volti 12 ni hasi, lakini upande wa umeme mkubwa mweusi huohuo ndio wenye moto, yaani unaoleta umeme. Ndiyo maana ABYC, chama kinachoandika viwango vya boti huko Marekani, kinapendekeza waya wa njano kwa hasi ya volti 12. Kwenye boti iliyopita mikono ya watu wengi msiamini rangi yoyote mpaka mmeipima.

Sasa chukueni multimita, yaani kipima umeme. Ya kawaida inatosha.

Betri ipumzike saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumika, kisha pimeni kwenye vichwa vyake. Betri ya risasi na asidi iliyojaa husoma karibu 12.6 hadi 12.8. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu, na karibu na 11.8 hakuna kitu. Injini ikiwaka pimeni tena palepale. Mkiona kati ya 13.8 na 14.4, alteneta, yaani jenereta ya injini, inachaji. Ikibaki 12 na kitu hata mkiongeza mwendo, chaji haifiki, na hapo fuateni waya wa alteneta hatua kwa hatua kabla ya kulaumu alteneta yenyewe. Angalizo: kama swichi kuu ya betri ni ile ya 1, 2, zote na kuzima, msiizungushe hadi kuzima injini ikiwa inawaka. Alteneta nyingi huunguza dayodi zake kwa njia hiyo.

Kipimo kinachofuata ndicho ninachowaomba mkishike kuliko vyote, kwa kuwa hata mafundi wengine hukiruka. Mtu huchomoa waya wa taa isiyowaka, anapima, anaona 12.5, anasema umeme upo, taa ndiyo mbovu. Lakini multimita hainywi umeme. Hata waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utaionyesha volti zote. Kosa hujitokeza umeme ukiwa unapita. Kwa hiyo washeni pampu, na ikiwa inafanya kazi, mmoja aweke ncha moja ya mita kwenye kichwa cha chanya cha betri na nyingine kwenye waya wa chanya pale pampuni. Mita itaonyesha volti zinazopotea njiani. Rudieni upande wa hasi: kutoka kichwa cha hasi cha betri hadi waya wa hasi wa pampu. Ncha za mita zikiwa fupi, ongezeni waya mrefu wa pembeni.

Kwa vitu vya usalama kama taa za kuongozea na pampu ya ngama, ile ya kutoa maji yanayokusanyika chini ndani ya boti, ABYC inaruhusu upotevu wa asilimia 3 kwa njia nzima, kwenda na kurudi. Kwa volti 12 hiyo ni 0.36. Kwa vitu vingine asilimia 10, yaani 1.2. Mkikuta volti 2 zinapotea mahali pamoja panapopita ampea 10, basi wati 20 zinageuka joto kwenye kiungo kisichozidi ukubwa wa ukucha. Hivyo ndivyo moto unavyoanza kwenye boti. Mkikuta njia inayopoteza, sogezeni ncha ya mita kiungo kwa kiungo kurudi kwenye betri. Pale namba inaporuka kutoka kubwa hadi ndogo, ugonjwa uko hapo katikati.

Taa kufifia pampu ikiwaka inanifanya nifikirie upande wa hasi. Chanya zina fyuzi na swichi zake, kila moja na njia yake, ila hasi zote hukutana mahali pamoja, kwenye kipande cha shaba kilichofichwa huko ndani. Nati moja ikilegea pale, boti nzima inaugua.

Stata nayo ipimeni hivyohivyo wakati mwenzako anabonyeza: kutoka kichwa cha hasi cha betri hadi kwenye chuma kitupu cha injini. Mkiona zaidi ya nusu volti, kebo nene ya hasi au mahali ilipofungwa kwenye injini panahitaji kufunguliwa na kusuguliwa mpaka chuma king'ae. Hapo ndipo penye matatizo mengi.

Kuhusu betri kufa: zimeni kila kitu, fungueni kebo ya hasi ya betri, na wekeni mita kwa kipimo cha ampea 10 kati ya kebo na kichwa cha betri. Msijaribu kuwasha injini mita ikiwa hapo, mtaiunguza. Mkisoma 0.5, zidisheni: nusu ampea kwa saa 24 ni ampea-saa 12, kwa siku saba 84. Betri ya ampea-saa 100 itakuwa karibu tupu mkirudi. Kisha chomoeni fyuzi moja moja huku mnatazama mita. Ikishuka, mmempata mwizi.

Pampu ya ngama kwa kawaida imeungwa moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi yake na swichi ya boya, bila kupita swichi kuu, ili ifanye kazi hata hampo. Hiyo ni sahihi, msiibadilishe. Ila angalieni boya halijakwama juu.

Mkipata majibu, yaandikeni hapa.

*

Shikamoo dada. Tumefanya kama ulivyoelekeza, mke wangu kwenye swichi, mimi kwenye mita.

Betri iliyopumzika: 12.5. Injini ikiwaka: 14.1. Pampu ikifanya kazi, upande wa chanya zinapotea 0.2, upande wa hasi 1.7. Tulirudi nyuma kiungo kwa kiungo mpaka chini ya sinki, tukakuta hicho kipande cha shaba. Skrubu ya kebo kubwa inazunguka kwa vidole, na chini ya kichwa cha kebo kuna unga wa kijani.

Mvujo wa betri: 0.4. Haukushuka tulipochomoa fyuzi za bodini. Umeshuka tulipofungua waya mwembamba mwekundu uliofungwa moja kwa moja kwenye kichwa cha chanya, hauna fyuzi, na unaingia nyuma ya kabati. Hatujui unakwenda wapi.

Maswali mawili. Kebo ya hasi tuikaze tu? Na kuna fyuzi ya ampea 30 kwenye njia ya taa za kulalia, wakati bodini pameandikwa 10. Tumeambiwa ya 10 ilikuwa inaungua kila mara. Tuiache?

*

Marahaba mdogo wangu, mmefanya kazi safi.

Kukaza tu hakutoshi. Kateni kichwa cha kebo, menyeni kidogo, tazameni shaba. Ikiwa inang'aa, fungeni kichwa kipya. Ikiwa nyeusi, endeleeni kukata nyuma mpaka mfike penye kung'aa, na ikiwa weusi umepanda mbali ndani ya ganda, badilisheni kebo yote. Waya wa boti uwe wa nyuzi nyingi nyembamba zilizopakwa bati. Waya wa nyumbani wa uzi mmoja mnene hukatika kwa mtikisiko. Kichwa kibanwe kwa koleo lake maalumu, si kwa kugongwa na nyundo, kisha kivishwe mpira wenye gundi ndani unaobana kwa joto. Lehemu peke yake msiitegemee: inaufanya waya kuwa mkavu pale inapoishia, na hapo ndipo unapokatika. Vuteni kila kiungo kwa mkono kabla ya kukiacha. Vile vya kusokota na tepu, ondoeni vyote, hata vinavyofanya kazi.

Fyuzi ya 30 itoeni leo, msilale humo nayo. Fyuzi hulinda waya, kifaa ni baadaye. Waya mwembamba wa taa ukipitishwa ampea 30 unayeyusha ganda lake ndani ya ukuta kabla fyuzi haijashtuka. Ya 10 ilikuwa inaungua kwa sababu fulani, na sababu hiyo bado ipo. Njia rahisi ya kuitafuta: mahali pa fyuzi wekeni balbu ya volti 12 ya nyuzi, ya gari, si ya LED. Zimeni na chomoeni taa zote za njia hiyo. Kama kuna shoti balbu itawaka kabisa, nanyi mtakuwa mnatikisa na kusogeza waya kipande kwa kipande. Balbu ikizimika ghafla, mkono wako uko karibu na mahali waya unapogusana.

Waya mwekundu usio na fyuzi usirudi betrini mpaka mjue mwisho wake. Usiukate tu na kuusahau: huenda unalisha king'ora cha gesi, na hicho lazima kibaki, ila kwa fyuzi yake. Fyuzi hiyo ikae karibu na betri kadiri inavyowezekana. ABYC inataja inchi 7, kama sentimita 18, ikiwa na ruhusa ya kuzidi pale waya ulipovishwa ganda la ziada.

Taa ya mlingoti msipande bado. Anzeni chini, kwenye plagi ya sitahani pale mlingoti unaposimama. Fungueni, mtakuta maji au pini zimeoza. Pimeni pale huku balbu ikiwaka, ndipo mjue kama kuna haja ya mtu kupanda.

*

Samahani kuingilia, kaka. Dada ameyaeleza ya volti 12 vizuri, nami naongeza la umeme wa gatini, kwa kuwa mmesema mnakusudia kulala botini.

Upande huo msijifunzie. Mwiteni fundi mwenye cheti cha umeme wa boti aupime kabla hamjachomeka tena. Waya mmoja mbovu wa umeme mkubwa ukigusa njia ya athi ya boti, ile ya kupeleka ardhini umeme uliovuja, umeme unavuja hadi majini kupitia rafadha. Kwenye maji matamu anayeogelea karibu hupooza misuli na kuzama bila kupiga kelele. Miliampea 10 hadi 30 tu zinatosha kumkaza mtu asiweze kujiokoa. Mwulizeni fundi kuhusu kikata umeme cha mvujo, na mkitumie kitufe chake cha majaribio mara kwa mara. Watoto wasiogelee kabisa kwenye maegesho yenye umeme, hata kama boti yenu ni salama, maana hamjui ya jirani.

Waya wa kijani wa athi msiukate kamwe. Kuna watu watawashauri muukate ili zinki za chini ya boti, vipande vinavyowekwa viliwe na kutu badala ya vyuma vingine, zisiliwe haraka, kwa sababu athi inaunganisha boti yako na za majirani na vyuma vinaanza kulana. Tatizo ni la kweli, lakini dawa yake ni kizuizi maalumu kinachofungwa kwenye waya huo, au transfoma ya kutenganisha. Ukiukata, siku kifaa kikipata shoti umeme hauna pa kurudi isipokuwa kupitia mwilini mwa anayekishika.

Boti ikitolewa majini tazameni zinki. Zikiwa zimeliwa nusu, wekeni mpya. Zikiwa zimeisha upesi kuliko kawaida ya boti za hapo mnapoegesha, mwambieni fundi huyohuyo, na mwonyesheni ule waya mwekundu pia.