Mpaka lini Malindi itagawa ardhi na kodi kwa ajili ya ghala la mtu?

Wanajamvi, salamu zitakuja baadaye. Leo nimekuja kulalamika.

Kila akitokea mtu na mchoro wa rangi wa ghala kubwa la usambazaji, wakubwa wetu huvua mpaka shati. Ardhi chukua. Kodi ya ardhi usilipe miaka kumi. Leseni tutakusamehe, barabara ya kuingilia tutakutilia lami, maji tutakuvutia mpaka mlangoni. Ukiuliza kwa nini, jibu ni lilelile: tusipotoa, atakwenda Mombasa, au Mariakani, au atapanda mpaka Lamu. Hakuna hata mmoja anayeuliza mtu wa ghala huchagua mahali kwa kuangalia nini.

Chukueni ramani na bikari. Chomekeni sindano Malindi mjini, mchore duara la kilomita 120 kutoka hapo, maana huo ndio mwendo ambao lori la tani kumi litakwenda, lishushe kwenye maduka manne matano, lirudi siku hiyohiyo. Nusu ya duara ni bahari, na changu na tasi hawanunui sukari kwa katoni. Magharibi ni Tsavo Mashariki na ranchi ya Galana: ndovu. Kaskazini ni Tana River, watu 315,943 kwa sensa ya 2019. Jumlisha hata Lamu, ambayo iko nje ya duara, watu 143,920, na bado nusu milioni haitimii. Watu wako kusini: Kilifi 1,453,787, Mombasa 1,208,333. Lakini hao wa Mombasa wako mlangoni mwa bandari. Nani mwenye akili atavuta kontena kilomita 120 kuja Malindi, kisha arudishe mzigo kwa barabara ileile akauze soko la Kongowea, Mombasa?

Na Mariakani, hebu niambieni, iko kaunti gani? Kilifi hiihii. Iko juu ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, reli ya SGR inapita na mizani ya malori iko hapo. Tukishindana na Mariakani kwa kupunguziana ada, tunajiibia mfukoni mwetu wenyewe.

Zawadi hatukuanza leo. Twiga wetu alifika kwa mfalme wa China mwaka 1415, na 1498 tukampa Vasco da Gama rubani, sababu kubwa ikiwa hatupatani na Mombasa. Angalau twiga hakuondoka na hatimiliki ya ekari 12.

Ekari 12 sikuziokota. Ghala la mita za mraba 20,000 hukalia kama asilimia 40 ya kiwanja. Kilichobaki ni uwanja wa malori, njia ya zimamoto, tanki, maegesho na mtaro. Yaani mita za mraba 50,000. Sasa tafuta kipande kama hicho ukanda huu wa pwani kisicho na mgogoro. Sachi, yaani upekuzi wa rejista ya ofisi ya ardhi, hukwambia jina la mwenyewe na kama kuna zuio. Haikwambii kwamba juu ya ardhi kuna nyumba 40, minazi na makaburi ya babu wa mtu. Mwekezaji mkubwa hutuma wakili kwenye sachi na mpimaji kwenye ardhi, na ripoti mbili zikigombana anafunga faili. Kumpa bure ardhi yenye maskwota ni kumpa kesi, na anayebomolewa ni mwananchi, halafu ghala halijengwi.

Sasa njoo kwenye maji, ambalo ndilo lingekuwa swali la kwanza. Ghala lenye raki za mita kumi kwenda juu halizimwi na gari moja la zimamoto. Darini huwekwa vinyunyizio, na hesabu inayotumika sana ni vichwa 12 vifunguke pamoja kwa saa nzima, kila kichwa kikimwaga kama lita 375 kwa dakika. Hizo ni lita 270,000. Ongeza mipira ya wazimamoto, kama lita 950 kwa dakika, saa hiyohiyo: lita 57,000. Jumla lita 327,000 zikae tankini haziguswi usiku na mchana, na pampu ya dizeli kando yake, maana moto ukiwaka stima ndiyo ya kwanza kuzimwa. Bowza, lori la maji, la lita 10,000 litakwenda safari 33 kulijaza. Maji yetu hutoka Baricho kwenye Mto Sabaki, na kwa hayohayo wananywa Kilifi mpaka Mombasa. Pampu za Baricho zikisimama, mabomba yote yanakohoa. Halafu mtu anasimama mbele ya mwekezaji anasema maji yapo!

Na dawa iko juu ya kichwa chake. Bati la mita za mraba 20,000 likinyeshewa milimita 50 hukusanya lita milioni moja: tanki linajaa mara tatu kwa mvua moja nzito ya masika. Lakini hilo huandikwa kwenye masharti ya kibali cha ujenzi kabla jiwe halijawekwa, kwamba mifereji yote ya paa ielekee tankini na kinachozidi kiingie bwawa la ndani ya kiwanja. Lisipoandikwa, lita milioni hizo zinashuka kwa jirani, na jirani ndiye atakayeambiwa amejenga kwenye mkondo wa maji.

Misamaha nayo. VAT na kodi ya mapato si za kaunti, kwa hivyo anayeziahidi anaahidi cha mwenzake. Anayetaka nafuu ya kodi ya mapato, sheria ya kanda maalumu za kiuchumi tayari inampa asilimia 10 kwa miaka 10 ya kwanza na 15 kwa miaka 10 inayofuata, akiingia kwenye kanda iliyotangazwa. Kaunti inabaki kugawa kile kidogo chake: kodi ya ardhi, leseni, ada za vibali. Hizo ndizo hela za kuzolea taka na kuwashia taa. Na hata hizo hazisamehewi kwa simu. Katiba, kifungu cha 210(2), inataka kila msamaha uwekewe kumbukumbu iliyo wazi kwa umma pamoja na sababu yake, na upelekwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 159, inarudia hayo kwa kaunti. Daftari hilo liko wapi?

Marekani walishakula chakula hiki. Mwaka 2017 Amazon ilitangaza inatafuta mahali pa makao makuu ya pili, miji na majimbo yakapeleka maombi 238. Ilichagua New York na Virginia, na Februari 2019 ikajitoa New York. Mwaka huohuo wa 2017 Foxconn, kampuni ya Taiwan ya vifaa vya elektroniki, iliahidi jimbo la Wisconsin ajira 13,000 kwa misamaha iliyokaribia dola bilioni 3. Mwaka 2021 mkataba ukaandikwa upya: ajira 1,454, dola milioni 80. Kilichowaokoa ni kwamba sehemu kubwa ya msamaha ilikuwa ya kulipwa ajira zikishaonekana. Ardhi na barabara zilizogharimiwa mapema hazikurudi. Sisi tunataka kuanza na hizohizo zisizorudi.

Nimemaliza kwa sasa. Anayebisha alete hesabu.

Trela_Arobaini
Mzee umesema kweli, ila umeisahau barabara yenyewe. Kontena likitoka bandarini lina njia mbili. Ya kwanza ni daraja la Nyali, Mtwapa, Kilifi, na Mtwapa peke yake hula asubuhi nzima. Ya pili ni kuzunguka Mariakani, Kaloleni, utokee Mavueni. Ukishapita Mariakani na kontena unajiuliza kwa nini usilishushe palepale.

Wenye michoro pia huchora uwanja mdogo. Trela la futi 40 na kichwa chake ni kama mita 16 na zaidi. Ili lirudi nyuma likae sawa mlangoni linataka mita 35 mpaka 40 za wazi mbele ya jukwaa la kushushia. Ukimpa mita 25, dereva anaanza kupiga mbele na nyuma mara sita, na foleni inatoka getini mpaka barabarani. Jukwaa liwe mita 1.2 hadi 1.4 kutoka chini, pamoja na bamba la kuinuka na kushuka, kwa sababu kanta, yaani lori dogo, na trela hazilingani kimo. Bila bamba mnashusha kwa mabega.

Mokowe_Bara
Ndugu zetu wa Malindi, msitishwe na jina la Lamu. Bandari ni nzuri, haina ubishi: gati la kwanza lilianza kazi Mei 2021, magati ni matatu, kina mita 17.5. Lakini bandari ya kupakulia meli kubwa si soko la kusambazia sabuni na unga. Na barabara yetu ya Garsen ikikatwa na mafuriko, kama ilivyokatwa mvua za El Nino za mwishoni mwa 2023, ghala linageuka kisiwa. Msisahau pia wavuvi: mahakama hapohapo Malindi iliamuru 2018 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa kuharibiwa kazi yao. Hesabu ya mradi huandikwa bila mvuvi, kisha mvuvi anatokea kortini.

Kijana_wa_Maweni
Nyinyi wazee kazi yenu kupinga. Vijana hawana kazi, mtu analeta ajira 500 mnaleta bikari. Tupeni ghala, mengine mtazungumza mbele.

(mwenye uzi)
Kijana, hizo ajira 500 umezisoma au umeambiwa? Uliza aina. Kwenye ghala, wa kudumu ni wachache: madereva wa foklifti, makarani wa stoo, walinzi, mafundi. Waliobaki ni vibarua wa kubeba na kupanga. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo mwezi mzima, au kazi isiyotarajiwa kwisha chini ya miezi mitatu kwa jumla, anahesabiwa ni wa mkataba wa mwezi. Ndiyo maana utaona watu wanasimamishwa kabla mwezi haujatimia, wanaitwa tena kwa jina la wakala mwingine. Usipoandika kwenye makubaliano kwamba ajira inahesabiwa kwa mtu aliyelipiwa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) miezi 12, utahesabiwa wewe, ndugu yako, na wewe tena.

Kama ni lazima tutoe kitu, kitolewe hivi: ardhi ikodishwe kwa miaka, hatimiliki isihame, asipojenga ndani ya miezi 24 irudi bila kesi, msamaha wa mwaka huu utolewe baada ya kuonyesha orodha ya walioajiriwa mwaka jana, akifunga kabla ya miaka kumi arudishe alichosamehewa. Anayekuja kufanya kazi hatakimbia masharti hayo.

Bati_na_Zege
Naongeza mawili ya ujenzi, maana hapa ndipo pesa hupotea kimyakimya. Karibu na bahari bati haliozi katikati, huoza kwenye tundu la parafujo. Chumvi ya upepo hukaa chini ya wosha ya mpira, mpira unapasuka kwa jua, kutu inazunguka, na tone la kwanza linaangukia katoni ya juu kabisa ya raki. Mwenye ghala anaona karatasi imelowa, anadhani ni jasho la mzigo.

Pili ni sakafu. Magurudumu ya foklifti za ndani ni magumu, na huanza kuvunja zege kwenye kingo za viungo. Kiungo kisichowekewa chuma cha pembeni hubomoka, foklifti inaruka, paleti ya juu inayumba. Ukiuziwa sakafu ya sentimita 10 kwa sababu “ni stoo tu”, kimbia.

Trela_Arobaini
Mwenye uzi, kuna kitu kimoja ningekiombea Malindi, nacho hakihitaji msamaha wa mtu. Malori ya chumvi ya Gongoni na Marereni hushuka kusini yamejaa na kupanda matupu. Nafasi hiyo ya kupanda ni rahisi kuliko lori la kukodi mzima. Ghala dogo la kuvukia mizigo, mita za mraba 1,500 hivi, milango sita, mzigo hauoni usiku wa pili: linapokea bidhaa za Mombasa kwa malori yanayorudi, linazigawa Gede, Mambrui, Marafa, Garsen. Lori la kugawa likirudi Malindi linabeba maembe na nazi. Chumba kimoja cha baridi cha samaki.

(mwenye uzi)
Hapo sasa tunaongea. Lakini lori la chumvi kubeba unga? Chumvi iliyobaki kwenye mbao za sakafu huvuta unyevu, gunia la chini linalowa kabla ya Watamu.

Trela_Arobaini
Hufagiliwa kwanza, kavu, mpaka kwenye nyufa. Halafu hupigwa maji matamu ya bowza, si ya kisima cha pwani, maana utakuwa unaongeza chumvi juu ya chumvi. Lipigwe jua saa tatu nne, tarpauli itandikwe chini, paleti juu yake, ndipo magunia. Unga na sukari zikae juu, sabuni na ndoo za plastiki chini. Anayeruka hatua ya maji matamu ndiye anayelipa magunia.