Mawe ya Isua: bakteria wa miaka bilioni 3.7 au mikunjo tu?

Mchimba_Mwamba: Wakuu, mwaka 2016 wanajiolojia kina Nutman walitangaza kwamba mawe ya Isua, Greenland, yana stromatoliti, vile vilima vidogo vinavyojengwa na bakteria, vya miaka bilioni 3.7. Mwaka 2018 kina Allwood wakajibu: huo ni mwamba uliobanwa ukajikunja, na ncha nyingine zinaelekea chini, wakati bakteria hujenga kwenda juu. Mko upande gani? Na kama bakteria wa kutoa oksijeni walikuwepo mapema hivyo, mbona ilijaa angani kuanzia kama miaka bilioni 2.4 iliyopita?

Kijana wa Mwanza: Mimi sina upande. Ninachojua, walimu wetu walitukaririsha kwamba oksijeni ni ya miti, basi. Kumbe mti ni mgeni wa juzi!

Mwl_Mstaafu: Dogo, mtihani uliuliza mimea, tukafundisha mimea. Darasa limefurika, hadubini moja, nayo lenzi imepasuka. Ulitaka nikuonyeshe sianobakteria, hao bakteria wanaotoa oksijeni kwa mwanga wa jua, kwa miwani yangu?

Kijana wa Mwanza: Mwalimu, sijamtaja mtu.

Mwl_Mstaafu: "Walimu wetu" ni akina nani? Ulisomea Ufini?

Mama Zawadi: Hata stromatoliti zikiwa za kweli, bado hazithibitishi oksijeni. Kuna bakteria wanaotumia mwanga bila kuitoa kabisa. Mnachanganya maswali mawili.

Kijiwe_Nongwa: Bilioni 3.7, nani alikuwepo kuhesabu?

Mchimba_Mwamba: Urani iliyomo kwenye zirkoni, chembe ngumu za madini ndani ya mwamba, hugeuka madini ya risasi kwa kasi inayojulikana, ndugu. Hakuna aliyehitaji kuwepo. Na nijibu langu mwenyewe: chuma kilichoyeyuka baharini kilikuwa kinaimeza oksijeni, kikatuama chini. Tazama matabaka mekundu ya Hamersley, Australia. Halafu kuna salfa: mawe ya zamani yana alama inayotokea tu hewa ikiwa karibu haina oksijeni, na alama hiyo inapotea kwenye bilioni 2.4 hadi 2.3 hivi.

Kijiwe_Nongwa: Hivyo vitu vina majina mengi kama mdaiwa sugu.

Nyar_Kisumu: Mwacheni mwalimu wa watu. Mnaotaka sianobakteria njooni Ghuba ya Winam maji yakiwa kijani kibichi. Na heroe wa Bogoria na Natron wanawala kila siku, wala hawajauliza mtaala.

Kijana wa Mwanza: Dada, huo ni uchafu wenu wa Kisumu. Huku kwetu ziwa ni safi.

Nyar_Kisumu: Safi? Ghuba ya Mwanza haijawahi kugeuka kijani? Fosforasi ya mashamba na maji taka mnamwaga nyinyi pia. Uliza wavuvi wenu, kaka.

Mwl_Mstaafu: Haya, sasa amewatukana na wavuvi.

Kijana wa Mwanza: Mwalimu, mimi nimemtukana nani? Soma vizuri!

Mwl_Mstaafu: Nisome vizuri? Mimi? Wewe dogo ulimaliza mwaka gani?