Vitz old model kunywa wese: tupeane uzoefu

Mleta mada: Ule uzi wa vidonge vya kutia kwenye tenki eti gari ipunguze kunywa wese (mafuta) umenichokoza. Yangu ni Toyota Vitz ya injini 1SZ, cc 997. Kabla ya kulalamika, pima: jaza mpaka pampu ikate yenyewe, tripu weka sifuri, tembea kilomita 200, jaza tena kituo kile kile, gawa kilomita kwa lita. Mshale wa mafuta hauaminiki.

Spana 10: Anzeni na thamostati, ile vali ya maji ya kupozea injini. Gari ikichemsha, mafundi wengi wanaing'oa wanaitupa. Inatakiwa ifunguke kwenye nyuzi 80 na kitu. Ikikosekana, maji yanapita kwenye rejeta tangu unawasha, injini haipati joto lake, kompyuta inadhani ndiyo kwanza imewashwa, inazidisha mafuta. Chomeka mashine ya kupima: umeendesha robo saa halafu inasoma 60? Jibu hilo. Ukirudisha, kale katundu ka kutolea hewa kakae juu, na utie kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), siyo maji ya bomba.

Kijoti: Dar na joto hili thamostati ya nini?

Spana 10: Joto la Dar ni 32, injini inataka 80 na ushee. Hesabu mwenyewe.

Mama Passo: Naunga mkono Spana 10.

Kijoti: Basi mteremkoni tia N (gia huru), wese linabaki.

Gia Tano: Weee! Gari ya injekta (kompyuta ndiyo inapulizia mafuta kwa nozeli) ukiachia pedali ikiwa kwenye gia, nozeli zinafunga kabisa. Ukitia N lazima zimwage mafuta ya sailensa, injini isizime. Fanya hivyo Kitonga, ule mteremko mkali wa Iringa, uone: breki zinabeba gari peke yake, zinanuka, pedali inazama mpaka sakafuni, na nyuma yako lori la tani 30.

Kijoti: Kwenye gari za zamani za kabureta, zisizo na injekta, ilisaidia.

Gia Tano: Kabureta sawa. Breki je?

Mleta mada: Jamani Kitonga imeteka uzi 😂

Mpini: Breki zikishika nazo zinakula wese. Piga jeki, zungusha tairi kwa mkono. Likigoma, pini za kalipa (kile kibano cha breki) zimekauka. Safisha, paka grisi ya breki. Upepo fuata stika ya mlangoni: 220 kPa ni psi 32, upime tairi likiwa baridi. Halafu ukivaa matairi makubwa, tripu inasoma pungufu, unalaumu injini bure.

Mama Passo: Na plagi?

Mpini: Iridiamu, mwanya 1.1 mm. Feki zimejaa.

Kijoti: Oili 20W-50, injini ya zamani.

Spana 10: 5W-30! Hiyo nzito inaibana injini.

Mama Passo: Kama inakula oili?

Spana 10: Hapo 10W-40, ila kwanza pima kompresheni (mgandamizo wa silinda).