Mrejesho: Gros Piton tumepanda, na mwongozaji tulimchukua

Wakuu, naleta mrejesho kama nilivyoahidi. Niliuliza kama mimi na mke wangu, tukiwa Saint Lucia, kisiwa cha Karibi, tunaweza kupanda mlima Gros Piton wenyewe ili tuokoe hela ya mwongozaji. Karibu wote mlinikatalia. Asanteni sana, mlikuwa sahihi.

Njia inaanzia kijiji cha Fond Gens Libre, yaani bonde la watu huru, kwa sababu walioishi pale ni watu waliojikomboa kutoka utumwani. Mwongozaji wetu ni mzaliwa wa hapohapo. Alipokuwa akituonyesha mahali wazee wao walipojificha wakipigana na wakoloni, mke wangu alilia, na mimi koo lilinikaba. Hilo ramani ya simu isingetupa.

Mlima wenyewe ni mita 770 hivi, msiudharau. Nusu ya kwanza ni matembezi, na Petit Piton, mlima pacha wake, unauona mbele yako kabisa. Baada ya hapo ni mawe na mizizi, unapanda kwa mikono na miguu. Tulianza saa moja asubuhi, na maji lita mbili kila mmoja yaliisha yote.

Kesho yake tulijipaka tope la moto Sulphur Springs, kwenye chemchemi za moto za volkano. Raha!

Kosa letu lilikuwa kulala kaskazini mwa kisiwa, mbali na mlima. Barabara ni kona tupu. Laleni Soufrière, mji ulio karibu na mlima. Dola yao ni 2.70 kwa moja ya Marekani, haibadiliki.